Visiwa vitatu vinatosha: likizo ya taratibu katika visiwa vya Ugiriki

Wanaoniomba ushauri kuhusu Ugiriki huja na orodha mkononi. Athens siku mbili, Mykonos siku mbili, Santorini siku mbili, kisha Krete, kisha Rhodes, na yote hayo ndani ya siku kumi na mbili. Orodha hizo huwa nazirudisha nimezikatakata. Kwenye ramani visiwa vinaonekana vimepangana kama shanga, lakini kila ukihama unapoteza nusu siku: kufunga mabegi, kurudisha ufunguo wa chumba saa tano asubuhi, kukaa gatini kwenye jua, kupanda, kushuka, kisha kusubiri chumba kingine kisafishwe. Hama mara tano uone, likizo itakwisha ukiwa umekalia begi.

Kwa wiki mbili mimi huwaambia visiwa vitatu, vyote kwenye njia moja ya meli, na kimojawapo ukae hadi muuza mikate akujue. Rhodes iko pembeni mwa Uturuki. Corfu iko upande mwingine kabisa, kwenye bahari ya Ionia. Ukivichanganya hivyo na Santorini katika safari moja, utakuwa unalipia uchovu kwa euro. Kwa anayekwenda mara ya kwanza nachagua kundi la Cyclades, vile visiwa vya nyumba nyeupe vilivyotawanyika kusini-mashariki mwa Athens, kwa sababu meli ni nyingi na masafa ni mafupi. Paros, Naxos, kisha Koufonisia. Kutoka Piraeus, bandari kuu ya Athens, meli ya kawaida inafika Paros kwa muda wa saa nne hivi, na Naxos kwa saa tano na ushee. Kutoka Paros hadi Naxos ni kama saa moja tu.

Santorini nayo? Sikukatazi. Kuona ukuta wa ile kaldera, shimo kubwa lililoachwa na volkano, ukiinuka kutoka majini ni jambo, na mji wa Akrotiri, uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ungetosha peke yake kukufikisha huko. Ila Julai na Agosti meli za kitalii zinamwaga maelfu ya watu kwenye vichochoro vya kijiji cha Oia, wote wanagombea ukuta ule ule wa kupigia picha ya jua likizama. Kama roho haitulii, nenda Oktoba, lala siku mbili, na siku ya Akrotiri uwe mlangoni lango linapofunguliwa.

Kuhusu majira, nina msimamo: Septemba. Mei na Juni pia ni nzuri, milima bado ina maua na bei hazijapanda sana, lakini mtu aliyelelewa na Bahari ya Hindi akijitosa pale mwezi Mei atapiga kelele. Maji ya nyuzi 19 au 20 si mchezo. Kufikia Septemba bahari imeota jua kiangazi kizima, watoto wa Ulaya wamerudi shule, na wenye vyumba wako tayari kuongea bei. Agosti ikimbie ukiweza, hasa siku zinazozunguka tarehe 15, sikukuu kubwa ya Bikira Maria. Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani kwao, mahujaji wanamiminika kisiwa cha Tinos, na meli zinajaa pomoni.

Kuna kitu kingine kitakachomshangaza mtu wa Tanga au Mombasa. Maji yale hayapwi. Yaani kupwa na kujaa ni kudogo mno, hata huoni. Dada yangu, niliyesafiri naye, siku ya kwanza alimuuliza mama mwenye nyumba maji yanajaa saa ngapi, yule mama akabaki anamtazama. Hakuna kuhesabu bamvua, hakuna kutembea juu ya mwani kutafuta maji ya kiuno. Ukiamka unaogelea, ukitaka saa nane mchana unaogelea, bahari ipo pale pale ulipoiacha.

Kinachohesabiwa huko ni upepo. Wana meltemi, upepo wa kutoka kaskazini unaovuma kwa nguvu hasa Julai na Agosti. Unaweza kuuita kaskazi yao, ila wao unawajia katikati ya mwaka. Wageni hawauelewi kwa sababu unavuma chini ya anga safi kabisa: hakuna wingu, jua linawaka, na bandari imefungwa. Ukifika 8 kwenye kipimo cha Beaufort, kile cha nguvu ya upepo, kwa kawaida mamlaka za bandari huzuia meli kuondoka, na boti za kasi husimama mapema kuliko meli kubwa. Ndiyo maana usithubutu kupanga meli na ndege ya kurudi nyumbani siku moja. Usiku wa mwisho lala Athens. Ukitulia hapo salama, una siku ya kupanda Akropoli au kuingia Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Upepo ukikuchelewesha kisiwani, ni matembezi ya Athens tu uliyoyakosa.

Upepo huo huo ndio unaochagua ufuo. Ukivuma kutoka kaskazini, fukwe zinazotazama kusini huwa na utulivu zaidi. Kila asubuhi muulize mwenye nyumba: leo tuogelee wapi? Wenyeji huwa na jibu tayari, na ni jibu bora kuliko la simu yako.

Kati ya boti ya kasi na meli kubwa, panda meli kubwa. Nauli yake huwa ndogo, haikurushi sana, na unaruhusiwa kukaa kwenye sitaha na kahawa yako ukiangalia visiwa vikipita. Kwenye boti za kasi mara nyingi umefungiwa ndani, kiyoyozi kinakugandisha, na kila mmoja anaomba wimbi linalofuata liwe dogo. Piraeus yenyewe ni kubwa sana. Milango yake ina namba, E1, E2 na kuendelea, na kukosea lango ni kukimbia na begi kwenye jua. Soma tiketi vizuri. Treni ya chini ya ardhi, njia ya bluu, inakutoa uwanja wa ndege hadi Piraeus moja kwa moja. Ipo pia bandari ya Rafina, iliyo karibu zaidi na uwanja wa ndege, kwa hiyo kabla hujakata tiketi angalia meli yako inang'oa nanga wapi.

Kushuka kunataka maandalizi. Ukipanda, begi unaliacha chini kwenye rafu zenye majina ya visiwa. Liweke kwenye rafu ya kisiwa chako, sio penye nafasi. Kipaza sauti kikitaja kisiwa, usimalizie kahawa. Teremka ngazi mapema hadi tumboni mwa meli, usimame kati ya malori na pikipiki, harufu ya dizeli ikikuingia hadi kwenye nywele. Mlango mkubwa wa nyuma unaanza kushushwa meli ikiwa bado inarudi kinyumenyume kuelekea gati. Kwanza unaingia mstari wa mwanga, kisha kamba zinarushwa, kisha unaona watu wa gatini, wengine wameshika vibao vya majina ya wageni wao. Filimbi inapulizwa. Watu, malori, magari, mbwa, wote wanatoka kwa pamoja, na wanaopanda wanaingia wakati huo huo. Dakika chache tu, mlango unainuka, meli imeshaondoka. Haimsubiri mtu aliyekwenda chooni.

Naxos ndipo pa kukaa siku nyingi. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, kina maji, mashamba, viazi vyao vinavyosifika Ugiriki nzima, jibini, na mlima unaopita mita 1,000. Ufuo wa Agios Prokopios na ule wa Plaka unafikika kwa basi kutoka mjini. Jioni utapanda Portara, lango la marumaru la hekalu la mungu Apollo lililoanzwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizwa. Limebaki fremu tu, limesimama juu ya bahari. Watu watakuwa wengi, lakini pana nafasi ya kila mtu.

Lakini mimi nakutuma Flerio, karibu na kijiji cha Melanes. Hapo, chini ya miti, amelala chali kijana wa marumaru mwenye urefu wa zaidi ya mita tano. Wachongaji wa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita walimwacha na mguu wake uliovunjika. Uso haujapata macho wala mdomo, ni umbo tu la kichwa. Inama ushike bega uone lilivyo gumu kama... hapana, usishike, tazama tu. Alama za patasi bado zinaonekana. Kwenye makumbusho huoni kazi iliyoshindikana, na hapa ipo mbele yako, na sisimizi wanapita kifuani mwake. Mwenzake mkubwa zaidi, wa zaidi ya mita kumi, amelala Apollonas kaskazini mwa kisiwa.

Vijiji vya milimani, Halki na Apeiranthos, vinafikika kwa basi la KTEL, yale mabasi ya abiria ya mikoani. Mabasi ni machache, hivyo kabla hujashuka piga picha ratiba ya kurudi. Apeiranthos vichochoro vimesakafiwa marumaru, na kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri kijiji kizima kimelala. Wewe nawe kaa mkahawani, usigonge milango ya watu.

Kama utakwenda kwenye gofu moja tu nje ya Naxos, iwe kisiwa cha Delos. Mykonos iko jirani, boti inachukua kama nusu saa, na katika msimu kuna safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Naxos na Paros. Hakuna anayelala Delos isipokuwa walinzi na wanaakiolojia. Ndipo Wagiriki wa kale walipoamini alizaliwa Apollo, na mwaka 426 kabla ya Kristo Waathene walifukua makaburi yote na kupiga marufuku mtu kuzaliwa wala kufia hapo. Kivuli hakuna, beba kofia na maji mengi. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba bandari hiyo iliweza kupokea na kuwasafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja. Mwongozaji wetu alilisema hilo kwa sentensi moja akielekea kwenye simba wa marumaru. Mimi na dada tulibaki nyuma. Aliyewahi kushuka kwenye vile vyumba vya chini vya kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini, Unguja, hapiti mahali kama pale haraka.

Koufonisia iwe ya mwisho. Unakwenda kwa meli kutoka Naxos. Ikiwa ni ile ndogo inayohudumia visiwa vidogo, meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda. Gari huhitaji. Kuna njia ya miguu inayofuata pwani kutoka kijijini hadi ufuo wa Pori, unaogelea kila panapokuvutia.

Wenye pasi za Tanzania, Kenya na majirani wanahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu 2024, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Buku vyumba vinavyorudisha pesa ukighairi. Ukitaka kuendesha gari, beba na kibali cha kimataifa cha udereva. Zile pikipiki za magurudumu manne waachie wenyewe. Barabara za milimani zina kona na kokoto.

Mezani, samaki wengi huuzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako na utajiwe bei kabla hajaingia jikoni. Asiyekula nguruwe aulize kila mara, maana mishikaki yao ya souvlaki mara nyingi ni ya nguruwe. Ya kuku ipo pia. Pweza utamkuta ameanikwa kwenye kamba nje ya mgahawa, na akichomwa kwenye makaa hutamlalamikia.

Chooni karatasi haitupwi ndani ya choo, inawekwa kwenye ndoo iliyo pembeni, kwa kuwa mabomba yao ni membamba. Kopo usitegemee kulikuta. Sisi watu wa maji tunatembea na chupa tupu kwenye mkoba.