Maswali ya Wasomaji: Boneti ya Ndege Iliyokaa Upande

SWALI: Mimi na shemeji yangu tunajenga ndege ya RV-7, ile yenye gurudumu la mkia, katika banda la gari hapa Fort Worth, Texas. Injini mpya ya Lycoming ya silinda nne imeshafungwa, na sasa tumefikia boneti ya faibaglasi, ambayo ina kipande cha juu na cha chini. Tulianza kwa kukata ukingo wa nyuma wa kipande cha juu mpaka ukalingana na bodi, lakini mbele, penye kofia ya rafadha (kile kichwa cha mviringo kinachofunika kitovu cha pangaboi), upande wa kulia umekuwa juu kuliko wa kushoto kwa milimita 4 hivi. Shemeji anataka tuweke washa, yaani vile visahani vya chuma vyenye tundu, kwenye mipira inayobeba injini ili kuinyanyua. Je, yuko sahihi? Na je, ni lazima boneti ipakwe kitu kwa ndani?

JIBU: Washa ziwekeni kabatini kwanza. Kofia ya rafadha ni duara, kwa hiyo mkiinyanyua injini duara lote litahama pamoja nayo, ilhali boneti iliyojipinda itabaki imejipinda vilevile. Isitoshe, mipira mipya hulegea na kuzama kidogo katika saa za mwanzo za kuruka, na hapo ndipo washa zinapokuwa na kazi ya haki. Kwa sababu hiyo hiyo, wajenzi wengi huiacha kofia ikiwa juu ya boneti kwa milimita 2 hivi, ili injini itakapotulia viwili hivyo vilingane.

Naona kosa lenu lilikuwa kuanzia nyuma. Ukingo wa nyuma hufuata, hauongozi. Fungueni vibanio vyote, isawazisheni ndege kwa pima maji, kisha fungeni bamba la nyuma la kofia pamoja na kipande cha mbao chenye unene uleule wa kitovu cha rafadha. Kati ya bamba hilo na boneti wekeni vijiti vya unene wa milimita 6, mvibandike kwa gundi ya moto, kwa maana boneti isiyo na nafasi hapo itasuguliwa na kofia mara injini itakapotikisika. Mbele ikishakaa sawa kushoto na kulia, ndipo mtazame nyuma inasema nini. Huenda mkakuta kwamba kuizungusha boneti kidogo kunatosha, bila kukata chochote.

Kama bado kuna cha kukata, pigeni mstari juu ya bodi, milimita 50 kamili nyuma ya mahali boneti inapotakiwa kuishia. Laza boneti juu yake, kisha kutoka kwenye mstari huo pimeni milimita 50 kurudi mbele, kila baada ya sentimita chache, na mtie alama. Kateni nje ya alama, mmalizie kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao mrefu, mkijaribisha mara kwa mara. Kazi hii inachosha, na vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu, basi msiondoe barakoa. Ikiwa upande mmoja mmekwisha kuukata kupita kiasi, msihuzunike: kitambaa cha glasi na epoksi huurefusha ukingo vizuri kabisa, na baada ya rangi hakuna atakayejua.

Kabla ya kutoboa matundu ya bawaba zitakazoishika boneti, hakikisheni injini ina nafasi ya kucheza. Inapowashwa na hasa inapozimwa, hutikisika kuliko mtu anavyodhani akiiona imetulia. Bandikeni madonge ya udongo wa kuchezea watoto kwenye sehemu zilizochomoza, fungeni boneti, kisha fungueni mpime udongo uliobanwa: ningependa kuona angalau milimita 12. Vibati vya kuelekeza hewa vyenyewe huachiwa nafasi ya namna hiyo, na pengo huzibwa kwa utepe wa mpira. Hewa huingia kwa matundu mawili ya mbele, ikabanwa juu ya silinda na kulazimika kushuka kati ya mapezi yake. Ikipata upenyo penye mpira uliokunjika, hupita hapo na kuziacha silinda zikichemka.

Kuhusu ndani: ndiyo, pakeni. Faibaglasi huwa na vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta, na iliyokwisha kunyonya mafuta haikubali gundi wala rangi. Epoksi nyepesi iliyosukumwa kwa kipande cha plastiki kigumu inatosha, na sehemu zinazopita karibu na mabomba ya moshi ziongezewe karatasi ya alumini inayostahimili joto. Mkikwama, chama cha wajenzi wa ndege, EAA, kina washauri wa ufundi wa kujitolea wanaokuja kuitazama kazi ilipo; mwiteni mmoja kabla ya kupiga riveti ya kwanza ya bawaba.