Kwa Mnaoanza Kuchunguza Athari za Rider Haggard

Mada ya athari za mwandishi mmoja kwa fasihi iliyomfuata huwavutia sana wanafunzi wanaoanza utafiti wa fasihi linganishi, kwa sababu kwa kuitazama kijuujuu huonekana nyepesi: unamchagua mwandishi wa zamani, unakusanya vitabu vilivyotoka baada yake, unaonyesha panapofanana, na kazi imekwisha. Nimesoma na kusahihisha tasnifu za namna hiyo za kutosha kujua kwamba nyingi huanguka mahali pamoja. Huthibitisha kwamba vitabu viwili vinafanana, kisha huuita ufanano huo athari, bila kuonyesha ni kwa njia gani kitabu cha kwanza kilimfikia aliyeandika cha pili. Nitaeleza namna ya kuikwepa hatari hiyo kwa kumtumia Henry Rider Haggard, mwandishi Mwingereza wa enzi ya Malkia Victoria. Nimemchagua kwa kuwa vitabu vyake viliwahi kufika katika Kiswahili, na kwa kuwa alama alizoziacha zimevuka mipaka ya fasihi.

Habari za maisha yake zinapatikana kwa urahisi, nanyi mtashawishika kuzijaza katika sura nzima. Msifanye hivyo. Chukueni yale tu yanayoeleza jinsi kitabu kilivyozaliwa na kilivyosafiri. Alizaliwa Norfolk mwaka 1856. Mwaka 1875 alipelekwa Natal, koloni la Waingereza kusini mwa Afrika, kumtumikia gavana Henry Bulwer. Mwaka 1877 alikuwapo Pretoria Waingereza walipoitwaa Transvaal, nchi ya Makaburu. Aliporudi kwao akasomea sheria, na katika kubishana na ndugu yake kuhusu kisa cha mwandishi Robert Louis Stevenson cha kisiwa chenye hazina, kilichokuwa kikisifiwa sana wakati huo, akaandika kwa muda wa wiki chache riwaya ya *King Solomon's Mines*, iliyochapishwa na kampuni ya Cassell mwaka 1885. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikaribia kuiuza hakimiliki kwa pauni 100, hadi karani mmoja wa hapo kwa mchapishaji alipomnong'oneza kuwa ni afadhali achukue asilimia ya mauzo. Kisa hicho kina nafasi katika tasnifu, maana kinaonyesha kwamba hata mchapishaji hakutazamia kitabu kingeuzwa kiasi hicho. Habari za mashamba yake, uanachama wake katika tume mbalimbali na kupewa kwake cheo cha Sir mwaka 1912 zinaweza kungoja.

Jambo la kwanza la kazi yenyewe ni kukisoma kitabu, na kujua unasoma toleo lipi. Mtaona ajabu jinsi watu wanavyomwandikia Haggard sura ndefu kwa kutegemea filamu au muhtasari. Katika riwaya hii wasafiri watatu Waingereza, wakiongozwa na mwindaji Allan Quatermain, wanajiokoa mbele ya machifu wa Wakukuana, kabila la kubuniwa, kwa kudai kwamba wanaweza kuizima nuru ya mbinguni, huku wakijua kutokana na kalenda yao kwamba kupatwa kunakaribia. Katika toleo la kwanza kilichopatwa kilikuwa jua. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu hadithi ilikuwa imekwisha kuweka mwezi mpevu wakati huohuo, jambo ambalo maumbile hayaruhusu, na katika matoleo ya baadaye Haggard alilibadilisha likawa kupatwa kwa mwezi. Kwa mtafiti wa athari, kosa kama hili ni mali. Mwandishi wa baadaye, au mfasiri, akiwa na jua, huenda alishika toleo la mwanzo. Akiwa na mwezi, la baadaye. Anayefanya kazi juu ya tafsiri ya Kiswahili na aifungue kwanza ukurasa huo.

Lakini tukio hilohilo ndilo linalowanasa wengi. Mark Twain analo tukio la kupatwa kwa jua katika riwaya yake ya mwaka 1889 kuhusu Mmarekani aliyejikuta katika zama za mfalme Arthur, naye Hergé, mchora katuni wa Ubelgiji, amelitumia katika kisa cha Tintin kuhusu Wainka. Mwanafunzi akiyaona hayo hukimbilia kuandika kwamba wote wawili wamechota kwa Haggard. Huenda ni hivyo, na huenda si hivyo, kwa sababu Christopher Columbus anasimuliwa kufanya hila iyo hiyo kule Jamaica mwaka 1504, kwa kupatwa kwa mwezi, na habari hiyo ilikuwa ikijulikana Ulaya na Marekani kabla Haggard hajazaliwa. Penye kisima kimoja cha zamani ambacho wote waliweza kukifikia, kufanana pekee hakutoshi kuthibitisha kitu. Huo ndio mtego mkubwa wa fani hii, nami husema bila haya kwamba ningependa kuona tasnifu yenye madai mawili yaliyothibitishwa kuliko yenye madai ishirini yanayoning'inia.

Uthibitisho wenyewe huwaje? Tazameni mifano miwili. Mwaka 1892 Haggard alitoa *Nada the Lily*, riwaya ya zama za Shaka, mfalme wa Wazulu, ambayo kwa jambo lisilo la kawaida katika vitabu vya Waingereza wa wakati huo masimulizi yake yamo kinywani mwa mzee wa Kizulu na wahusika wake wakuu wote ni Waafrika. Ndani yake vijana wawili, Umslopogaas na Galazi, wanakimbia mawindoni pamoja na kundi la mbwamwitu. Rudyard Kipling, aliyekuwa rafiki wa Haggard, alimwandikia barua mwaka 1895 akikiri kwamba sentensi moja ya kitabu hicho ndiyo iliyomtia katika njia iliyoishia kwenye hadithi zake za mbwamwitu, yaani zile za mtoto Mowgli. Hapo hatuhitaji kukisia. Tuna barua, tuna tarehe, na kilichotajwa ni kidogo na mahususi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Sol Plaatje wa Afrika Kusini, mwandishi wa habari na mmoja wa waasisi wa chama kilichokuja kuitwa ANC, akiwa London mwaka 1920 alimwandikia rafiki yake kwamba alikuwa akitunga riwaya ya mapenzi iliyosimama juu ya matukio ya kihistoria, kwa mtindo kama ule wa Rider Haggard anapoandika juu ya Wazulu. Riwaya hiyo, *Mhudi*, ilichapishwa Lovedale mwaka 1930. Ukiisoma baada ya kuijua barua hiyo, utaona kwamba Plaatje alichukua umbo la Haggard, na vita, unabii na safari zake, kisha akaligeuza: katikati ya hadithi amemweka mwanamke wa Kirolong mwenye akili na ujasiri kuliko wanaume wanaomzunguka, na historia ya karne ya kumi na tisa ameieleza kutoka upande wa waliokuja kunyang'anywa ardhi. Mwanafunzi anayeishia kusema kwamba Plaatje aliathiriwa na Haggard amesema kweli, lakini amesimama mlangoni. Kazi iko katika kuonyesha ni kipi kilichochukuliwa, kipi kilichoachwa na kipi kilichopinduliwa.

Sasa tuje kwetu, maana wengi wenu mtapenda kuandika juu ya Kiswahili. Tafsiri ya *King Solomon's Mines*, kwa jina la *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, ilitolewa na Longmans mwaka 1929, mfasiri akiwa Frederick Johnson. Jina hilo lisiwapite hivihivi. Mwaka mmoja kabla yake mkutano wa Mombasa ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki katibu wake wa kwanza alikuwa Johnson huyohuyo, ambaye baadaye alisimamia kamusi sanifu zilizotoka 1939, baada ya kufariki kwake. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hakumpokea Haggard mtupu. Alimpokea katika lugha iliyokuwa ikisanifishwa, kwa mkono wa mtu aliyekuwa miongoni mwa wasanifishaji wakuu. Kama unataka kudai kwamba Haggard aliathiri nathari ya Kiswahili, itakubidi utenganishe kilicho cha Haggard, kama vile msuko wa msafara wenye ramani, msimulizi anayejishusha, na mapigano yanayofuatwa na mzaha, na kilicho cha Johnson, kama vile urefu wa sentensi na uteuzi wa msamiati. Nijuavyo mimi, hapo ndipo penye utafiti mpya wa kufanya, na ni pagumu, kwa sababu inabidi uiweke tafsiri na matini asilia mezani kwa pamoja na kusoma sura kwa sura.

Mtego wa upande huu ni wa aina yake. Ukimkuta Shaaban Robert katika *Kusadikika* akiwatuma wajumbe katika nchi sita, usikimbilie kuona msafara wa Quatermain. Kabla hujamtaja Mwingereza yeyote, pitia kwanza hekaya za pwani, tendi, na visa vya Alfu Lela Ulela, ambavyo msomaji wa Kiswahili alikuwa akivijua kwa masimulizi na kwa maandishi. Vivyo hivyo kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar: jina la riwaya yake ya *Mzimu wa Watu wa Kale* laweza kukukumbusha mapango ya Haggard, lakini Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anaelekeza zaidi kwa Sherlock Holmes.

Njia ya athari huwa na pande mbili, na hili wageni wa fani hulisahau. Riwaya ya *Allan Quatermain* ya mwaka 1887 inawaanzisha wasafiri wake Lamu, kisha inawapandisha mto Tana hadi katika vita na Wamasai. Haggard alikuwa ameishi Natal na Transvaal tu. Habari za huku alizichota katika kitabu cha msafiri Joseph Thomson juu ya nchi ya Wamasai, kilichotoka 1885, naye alikiri deni hilo kitabuni. Kwa hiyo Lamu yake ni Lamu ya kusomewa, na mchunguzi anayetaka kuandika juu ya sura ya pwani yetu katika fasihi ya Kiingereza aanze kwa Thomson kabla ya kumhukumu Haggard.

Kuhusu hukumu, nina la kuwaambia. Chinua Achebe ameeleza jinsi alivyosoma vitabu vya akina Haggard na John Buchan shuleni na kujikuta akiwashabikia wazungu dhidi ya watu wanaofanana naye. Ngũgĩ wa Thiong'o naye anamtaja Haggard miongoni mwa waandishi waliomwondoa mtoto wa Kiafrika kwenye nafsi yake. Ushuhuda huo ni wa thamani kubwa, na nao ni athari, kwa sababu mwandishi huweza kuathiriwa na kitabu anachokikataa. Ila msiutumie kama mbadala wa kusoma. Katika kurasa za mwisho za *Mashimo*, Ignosi, mfalme wa Wakukuana, anatangaza kwamba wafanyabiashara wenye bunduki na pombe hawataingia nchini mwake, wala wahubiri hawataruhusiwa. Na katika kitabu hichohicho binti Foulata anauawa, naye msimulizi anaona kifo chake kimeepusha aibu ya ndoa kati yake na Mwingereza. Yote mawili yamo. Tasnifu inayotaja moja na kuliacha jingine huwa imeandikwa na mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kusoma.

Nje ya fasihi, mahali penye somo zito ni Great Zimbabwe. Wengine huandika kwamba Haggard ndiye aliyebuni uzushi kuwa majengo yale ya mawe yalijengwa na wageni wa zama za Sulemani. Hapana, Mjerumani Karl Mauch aliyahusisha na Malkia wa Sheba tangu 1871. Alichofanya Haggard ni kuuvika uzushi huo vazi la hadithi ambayo kila kijana wa Uingereza aliisoma, na miaka sita baada ya kitabu, Theodore Bent alipokwenda kuchimba kwa msaada wa kampuni ya Cecil Rhodes, wasomaji walikuwa tayari wanajua wanachotaka kiokotwe. David Randall-MacIver alionyesha mwaka 1905 kwamba majengo ni ya Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha hilo mwaka 1929, mwaka uleule *Mashimo* yalipotoka kwa Kiswahili. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuwashinikiza wanaakiolojia waache nafasi ya uzushi ule hadi miaka ya 1970. Dhahabu ilikuwapo kweli, na ilishuka hadi bandari ya Sofala ikapita Kilwa. Sarafu yenye jina la sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe kwenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika juu ya Haggard bila kuigusa Kilwa ameacha nyumba yake wazi.

Filamu nitazipitia haraka. Ile ya 1937, ambamo Paul Robeson aliigiza Umbopa, ndiye Ignosi kabla ya kujitambulisha, na ile ya 1950, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki, zote ziliingiza mwanamke mzungu ambaye riwayani hayumo kabisa. Ya 1985 ilifuata mafanikio ya Indiana Jones, ambaye mwenyewe ni mzawa wa ukoo wa Quatermain, hivyo ni mjukuu aliyerudi kumfundisha babu namna ya kutembea. Mwandishi aliyezaliwa baada ya hapo huenda aliiona ramani na mlango wa mwamba kwenye televisheni kabla ya kugusa ukurasa wowote. Kama yu hai, mwandikie umuulize, na jibu lake liwe mkononi mwako kabla hujaipeleka sura ya tatu kwa msimamizi.