Jagi la fedha: limechongwa au limetiwa nakshi?

SWALI: Naandaa maelezo ya picha za vyombo vya mezani vya Misri ya kale kwa wanafunzi wangu, katika ukurasa wenye kichwa "Vyombo vya fedha vya Misri". Chini ya picha ya jagi la Tell Basta (magofu ya mji wa kale wa Misri), lile lenye mkono wa dhahabu wenye umbo la mbuzi, nimeandika "jagi la fedha lililochongwa". Mwalimu mwenzangu amelikata neno hilo, anasema kuchonga ni kwa mti tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amefanya vyema kulikata, ila sababu aliyoitoa siyo. Tunachonga mti, tunachonga jiwe, tunachonga hata penseli. Kuchonga ni kuondoa: ncha kali inapita, vipande vinaanguka, umbo linabaki.

Jagi hilo, lililofukuliwa mwaka 1906 na ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Cairo, halikufanywa hivyo. Litazame tumboni: safu kwa safu za vituta vidogo vilivyoinuka, mfano wa magamba ya samaki. Fundi alilisukuma bamba la fedha kwa kuligonga kutoka ndani, kisha akalimalizia kwa nje. Kazi hiyo Kiswahili kinaiita kufua, na mwenye kuifanya ni mfua fedha, kama anavyoitwa Demetrio wa Efeso katika Matendo ya Mitume.

Wembamba wa mabamba ya namna hiyo ulionekana wazi mwaka 1936 huko Tod, kusini ya Luxor. Chini ya hekalu yalipatikana makasha ya shaba yenye jina la mfalme Amenemhat II, na ndani yake vikombe vya fedha ambavyo vingi vilikuwa vimekunjwa na kubanjwa ili vienee. Chombo cha kuchongwa hakikunjiki.

Hata hivyo, usiandike "jagi lililofuliwa". Mwanafunzi atafikiri limesuguliwa kwa sabuni. Andika "jagi la fedha ya kufua, lenye nakshi za kugonga". Ukitaka kwa ufupi, "lililotiwa nakshi" linatosha, kwa kuwa nakshi ni pambo lolote la kuchora, kuchonga au kugonga. Maandishi yaliyomo juu ya jagi, yenye jina la Atumemtaneb, mnyweshaji wa mfalme, "yamechorwa". Kudarizi waachie washonaji. Njumu nayo ina mahali pake: ni pale fedha, dhahabu au pembe inapopachikwa ndani ya kitu kingine, kama viti vya njumu vya Lamu. Mkono wa mbuzi si njumu, umeunganishwa tu.

Kichwa cha ukurasa wako pia kinahitaji kuguswa. "Vyombo vya fedha vya Misri" msomaji wa magazeti atakisoma kama benki. "Vyombo vya mezani vya fedha" hakina utata.