Kwa nini simulesheni ya moshi inachelewa zaidi ndani ya TOPs

Ni mpangilio tu, kompyuta haina tatizo. TOPs ni sehemu ya Houdini (programu ya 3D) inayogawa kazi vipande na kuviendesha. Nodi yake ya ROP Fetch, inayoendesha simulesheni au kurenda, usipobadilisha mipangilio yake, hufanya kila fremu kuwa kazi inayojitegemea. Kwa kurenda (kutoa picha za mwisho) hakuna shida, fremu hazitegemeani. Lakini moshi wa fremu ya 50 unahitaji kwanza ile ya 49, kwa hiyo kila kazi inaanza upya kutoka fremu ya 1. Simulesheni ya fremu 100 inageuka hesabu ya fremu 5,050!

Washa "All Frames in One Batch" kwenye nodi ya simulesheni pekee. Ya kurenda iache ilivyo.

Kama unajaribu matoleo kadhaa kwa Wedge (nodi inayoendesha simulesheni ile ile kwa thamani tofauti), weka namba ya toleo, `@wedgeindex` kwenye jina la faili, mfano `moshi.`@wedgeindex`.$F4.bgeo.sc`. Bila hiyo matoleo yote yanaandikiana juu ya faili moja, na hupati onyo lolote. Ukifundisha wanaoanza, waonyeshe hili mapema, tena kwa matoleo matatu ya vokseli (vijisanduku vinavyounda moshi) kubwa ili waone matokeo ndani ya dakika chache.

Angalizo: TOPs ikikuta faili tayari ipo kwenye diski, kwa kawaida inairuka. Ukibadilisha moshi kisha ukaona matokeo ni yale yale, futa kwanza faili za nodi hiyo kwenye diski, ndipo uiendeshe tena. Na Local Scheduler (kinachopanga kazi za TOPs kwenye kompyuta yako) hutumia robo tu ya kori za CPU hadi uongeze idadi mwenyewe, ila pima RAM kwanza, maana simulesheni nne kwa pamoja zinakula mara nne.