Damu yetu iko na kansere?

SWALI: Munganga, jambo sana. Niko mama wa watoto wawili, nauza maharagi pale soko ya Kadutu. Shangazi yangu alikufa na kansere ya titi akiwa na miaka 68, babu naye alishakufaka na kansere ya ini, basi nyumbani kila mtu anasema damu yetu iko na kansere. Sasa mdogo wangu wa Brussels alituma mate yake kwa kampuni moja wakamuambia iko na jeni ya kuongeza kansere ya titi, 1,26. Analia kila siku kwa WhatsApp! Anataka kunitumia pesa nami nipime. Nifanye ao niache?
— Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, kwanza muambie mdogo wako apanguse machozi. Hiyo 1,26 inafanana sana na ile ya tofauti ndogo ndani ya jeni wanaita FGFR2, watafiti waliitangaza mwaka 2007, na zaidi ya nusu ya watu wa Ulaya wanaibeba. Zaidi ya nusu! Ingekuwa hukumu, Brussels ingebakia na wanaume tu.

Na 1,26 haisemi utagonjwa 26 kwa 100, hapana. Huko Ulaya katika wanawake 100, kama 12 hivi wanapata kansere ya titi maisha yao yote, sasa wewe zidisha na 1,26, inafika 15. Wale wengine 85 wanabeba kitu kile kile na wanazeeka nacho bila hata kujua.

We unauza maharagi, utanielewa haraka: kuna punje na kuna jiwe. Hizi tofauti za kawaida za jeni ni punje, moja haijazi murongo. Za kansere ya titi peke yake wamekwisha kuona zaidi ya 200, na kila mmoja wetu alichota zake kwa baba na kwa mama, nyingine zinapandisha hatari kidogo, nyingine zinaishusha. Mwaka 2019 walijumlisha 313 pamoja, na yule mwanamke mmoja katika mia mwenye mzigo mzito kabisa, hatari yake ikafika karibu theluthi moja. Hapo sawa, mtu anaweza kuanza kuongea na munganga wake. Lakini punje moja kwa karatasi ya kampuni, ya nini?

Jiwe ni jeni wanaita BRCA1, waliipata 1994. Wenye iliyoharibika ni wachache sana, ila kwa hao wanawake kama 70 katika 100 wanapata kansere ya titi mbele ya kufika miaka 80. Na jiwe halijifichi ovyo: utaona kansere ya titi inapiga watu wenye hawajafika 50, wawili watatu wa ukoo mmoja, ao ya ovari, ao hata mwanaume anapata ya titi. Shangazi mmoja wa miaka 68 haonyeshi hivyo.

Babu sasa. Kansere ya ini huku kwetu inatoka sana kwa virusi vya hepatiti B, na kwa sumu ya ukungu, aflatoksini. Siku moja nilisimama kwa mama muuza karanga, gunia lilinyeshewa, karanga zimefanya vumbi ya kijani, anachagua zile mbaya anaweka pembeni, mi nikafikiri anatupa, kumbe hizo njo za kusaga za kutia ndani ya sombe, yale majani ya muhogo! Familia inakula sahani moja, virusi navyo vinatoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, kisha tunasema ni damu.

Kitu kingine, hesabu za vile vipimo vya mate zilifanywa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwetu zinakosea zaidi. Si kwamba jeni zetu hazina neno: kwa kansere ya prostate, tezi ya wanaume, kuna eneo la kromosomu ya 8 (kromosomu njo nyuzi zenye kubeba jeni) lililoonekana 2006, na hatari yake inabebwa zaidi na wanaume wenye asili ya Afrika. Ni kwamba bado hawajatuhesabu wengi.

Kwa hiyo pesa ya mate achana nayo. Akituma, pima hepatiti B wewe na watoto, kisha uende kuangaliwa kansere ya mlango wa kizazi, wanapakaa siki, pahali pabaya panageuka peupe, unatoka siku ile ile na jibu.

Ila kuna kitu hukuniandikia. Shangazi na babu umenitajia, lakini mama yako mzazi, mama zake wadogo, bibi, dada za babu, walikufa na nini na kwa miaka ngapi? Kaa na wazee uulize. Ukikuta kansere ya titi ao ya ovari mbele ya miaka 50, niandikie tena, jibu langu litabadilika.