Mwaka wa kwanza chuo cha Biblia Tanga: sikio kwanza

Wadogo zangu mnaoanza muhula huu, wengi wenu mnakuja Tanga mkiwa wahubiri tayari. Yuko aliyeongoza kwaya ya vijana Mbeya, yuko aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa huko Karagwe, yuko aliyezoea kushika kipaza sauti kwenye mkutano wa nje mpaka giza linaingia. Barua za wachungaji wenu zinasema mna karama, nami sina sababu ya kuzibishia. Ila nimesoma hapa, na sasa nasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kila mwaka naona jambo lile lile: anayepata taabu kuliko wote si yule aliyeacha shule zamani, wala yule anayeandika taratibu. Ni yule asiyeweza kunyamaza. Mwaka huu wa kwanza ni wa sikio. Mdomo utapewa kazi baadaye, tena nyingi.

Anzeni na darasa. Mwalimu wa Agano Jipya atawapa kazi itakayowachekesha: someni Injili ya Marko yote, sura kumi na sita, kwa sauti, kwa kikao kimoja. Haifiki saa mbili. Wengi humaliza wamepigwa na butwaa, maana wamemhubiri Marko miaka yote bila kumsoma. Wamehubiri vipande. Chukueni habari ya mikate. Katika sura ya 6 Yesu analisha wanaume elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Katika sura ya 8 analisha watu wapata elfu nne kwa mikate saba. Aya chache mbele, sura ile ile, wanafunzi wamo chomboni na mkate mmoja, wanahangaika kwamba hawana mikate! Ukihubiri kipande kimoja leo na kingine mwezi ujao, ajabu hiyo hutaisikia, wala hutausikia ukali wa maswali wanayoulizwa humo chomboni: mliokota vikapu vingapi? Wanajibu bila kukosea. Kumi na viwili. Saba. Hesabu wanaijua, na bado wanaogopa kulala njaa.

Kwa hiyo ukisoma, lifunge daftari la mahubiri. Lifunge kabisa, liweke chini ya godoro ikibidi. Mtu anayesoma Biblia huku akitafuta pointi tatu za Jumapili atazipata popote, hata kwenye orodha za kabila katika kitabu cha Hesabu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Lugha zisiwatishe. Kiyunani kina herufi 24, Kiebrania 22, nacho huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyekulia Tanga akiona maandishi ya Kiarabu kila siku huzoea upesi, ninyi wa bara mtachelewa kidogo tu. Na kumbukeni Biblia mnayokuja nayo begini ni kazi ya watu waliosikiliza. Askofu Edward Steere alitafsiri akiwa Unguja, kati ya wenye lugha yao. Alifariki 1882, na Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ikachapwa 1891. Hiyo ya Union Version mnayoikariri ni ya 1952, na watafsiri wake walilazimika kutafuta Kiswahili ambacho watu wa Mombasa na watu wa Unguja wangekikubali wote. Mnaweza kukisia mabishano yake.

Sasa zamu. Msemo mnaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni sufuria kubwa za maharage, kuni, kufagia uwanja, kuteka maji yanapokatika, na vyoo. Nimesikia mahubiri mazuri sana ya Yohana 13, Yesu akiwatawadha wanafunzi miguu, kutoka kwa ndugu ambao wiki ile ile walikuwa wakizunguka bwenini kutafuta mtu wa kubadilishana naye zamu ya vyoo.

Lakini sitaki mzione zamu kama adhabu ya kushusha majivuno. Someni Matendo 6. Sura hii mara nyingi huhubiriwa kana kwamba inapanga vyeo: mitume wakae na neno, wengine wahudumie mezani, kila mtu ajue ngazi yake. Isomeni polepole. Kisa kinaanza na malalamiko. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakusema kwamba wanung'unikaji wana roho ya uasi, jibu ambalo katika makanisa yetu linatoka haraka mno. Walisikia, wakaitisha mkutano. Halafu angalieni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni ya Kiyunani. Jina peke yake halithibitishi kila kitu, kwani hata miongoni mwa mitume Thenashara walikuwamo Andrea na Filipo mwingine, wenye majina ya Kiyunani. Lakini saba kwa saba? Inaelekea kanisa liliukabidhi mgao kwa upande ule ule uliolalamika. Na hao watu wa mezani hawakuishia mezani. Hotuba ndefu kuliko zote katika kitabu cha Matendo ni ya Stefano, na Filipo ndiye anayelikimbilia gari la towashi wa Kushi na, kabla ya kufundisha lolote, anamuuliza kama anaelewa anayoyasoma.

Basi ukipewa usimamizi wa chakula, na mwenzako kutoka Njombe akalalamika kwamba tumbo lake halipatani na bada, ule ugali wa muhogo unaopendwa huku, usimkumbushe wana wa Israeli walivyonung'unika jangwani. Kaa naye. Pengine ni mazoea tu. Pengine ana vidonda vya tumbo na anaona haya kusema. Mama wa jikoni kwetu hajawahi kukaa darasani, lakini huwajua wanafunzi wenye shida kabla ya mlezi wao kuwajua, kwa kutazama sahani zipi zinarudi na chakula. Ningependa wachungaji wengi zaidi wawe na macho yale. Ukiwa zamu, kaa karibu naye, uliza kidogo, osha vyombo.

Nje ya uzio wa chuo ni Tanga, na Tanga ni mji wa Waislamu kwa vizazi vingi. Wengine mnatoka mahali ambapo majirani wote ni wa kanisa lenu, na adhana ya alfajiri itawaamsha. Itumieni kuamkia sala zenu. Huku salamu haina haraka. Asubuhi ukienda kununua vitumbua usianze na bei. Mpe mama shikamoo yake, muulize ameamkaje, watoto wameamkaje, ndipo useme unataka vya shilingi ngapi. Ukifika nyumbani kwa mtu piga hodi, na ya tatu ikikosa mwitikio, ondoka. Akina dada, kanga ya kujifunga mkitoka ni heshima kwa mtaa, na akina kaka, bukta ni ya uwanjani. Mwezi wa Ramadhani jirani anaweza kuleta sahani ya futari hadi getini. Pokeeni kwa mikono miwili, na sahani isirudi tupu.

Kuhusu spika nitasema wazi, ingawa si wenzangu wote wanakubaliana nami: mkesha wa maombi hauhitaji spika inayoelekezwa mtaani. Mungu anasikia, na mgonjwa wa jirani anahitaji usingizi. Kuna mzee wa mtaa huu, Mwislamu, ambaye wanafunzi wetu humtembelea tangu zamani. Anazungumza nao habari za mkonge, za mashamba yalivyokuwa, za watu waliokuja kutoka pembe zote za nchi kukata mkonge wakabaki. Wengine hutoka kwake wakilalamika kwamba hawakupata nafasi ya kushuhudia. Mimi hujiuliza, nafasi ipi tena? Ameketi nawe saa nzima barazani kwake, anakuita mwanangu. Akikuuliza unaamini nini, mjibu bila kuficha wala kupunguza. Na majirani hawa huuliza, msidhani hawaulizi.

Mtapelekwa pia wodini, Bombo, hospitali ya mkoa. Fuateni saa za kutazama wagonjwa, mwoneni muuguzi kwanza, na msimwombee mtu ambaye hajakubali kuombewa. Sala iwe fupi. Mtu mwenye maumivu hawezi kufuata maombi ya dakika ishirini yanayoanzia kwa Ibrahimu. Rafiki za Ayubu wanasemwa vibaya siku zote, lakini mwisho wa sura ya 2 wanaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona jinsi mateso yake yalivyokuwa makubwa. Mpaka hapo walikuwa wachungaji wazuri. Kosa lao lilianza walipofungua midomo kumweleza sababu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei, nalo huja kama katikati ya muhula wa pili: maombi yanakauka. Mnashangaa, kwa sababu mlidhani chuo cha Biblia ni mahali pa moto wakati wote. Ibada kila asubuhi, Biblia darasani, Biblia kwenye mtihani, na siku moja unafungua Zaburi unaona maandishi tu. Unakumbuka nyumbani. Joto la kaskazi halikupi usingizi. Unaanza kujiuliza kama uliitwa kweli, na mbaya zaidi, unaona haya kumwambia mtu kwa sababu wenzako wote wanaonekana wamewaka.

Hawajawaka wote, nawahakikishia. Mlango wangu hugongwa sana miezi hiyo.

Ninachowaambia wanaokuja ni kusoma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, kwenye ushindi mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona, na siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika anapokuja hamkemei, wala hamwambii afunge na kuomba zaidi. Anamgusa, anamwambia aamke ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile, kwa kuwa safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Mungu anakuja kuzungumza naye Horebu baada ya hapo, baada ya usingizi na milo miwili na mwendo wa siku arobaini. Kwa hiyo nikikuuliza unalala saa ngapi na unakula nini, usidhani naidharau hali yako ya kiroho. Naanza mahali alipoanzia malaika. Ukilala vizuri juma zima na bado pamekauka, basi soma Zaburi 88 kwa sauti, ile inayoishia gizani bila neno la faraja. Imo katika Biblia. Watu wa Mungu waliiimba hivyo hivyo ilivyo, na ukiisoma unaomba pamoja nao hata kama huna neno lako mwenyewe. Na njoo ibadani. Siku ambazo huwezi kuimba, kaa uwasikilize wanaoimba.

Kama hali inazidi, kama huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usingoje. Mwambie mlezi siku hiyo hiyo, tutakwenda wote hospitali. Hilo si la kuficha wala la kuonea aibu.

Fedha, kwa ufupi. Ada ikichelewa kutoka kwa mfadhili au usharika wako, mwone mhasibu mapema, usijifiche. Usikope kwa wenzako ukitegemea sadaka ya fildi, yaani ya mafunzo kwa vitendo. Na waandikie waliokutuma hata wasipotuma kitu: Paulo alipopokea msaada wa Wafilipi kwa mkono wa Epafrodito aliwaandikia barua nzima, akawaeleza hata ugonjwa wa mjumbe wao ulivyoendelea. Ujumbe mfupi wa simu kila mwezi kwa mchungaji wako unatosha, ukitaja ulichojifunza na si ulichopungukiwa tu.

Kuhubiri kutakuja. Mwishoni mwa mwaka kila mmoja atapangiwa usharika wa mafunzo kwa vitendo, wengine mjini, wengine Muheza na Pangani, wengine milimani Lushoto, ambako mtapigwa na baridi baada ya joto lote hili. Mkifika huko, Jumapili ya kwanza mwombeni mchungaji mwenyeji mkae kwenye mabenchi na washarika. Jumapili ya pili hubirini. Mtaona tofauti ya kumhubiria mtu ambaye mmeshajua kwamba mahindi yake yameliwa na nguruwe pori.

Vya kuja navyo: chandarua, kwa sababu mbu wa huku hawana mzaha, shuka mbili nyepesi, blanketi liache nyumbani, kandambili, tochi, Biblia yenye maandishi utakayoweza kuyasoma usiku, na daftari nene moja la kuandika unayosikia, lisilo la mahubiri. Basi likishuka Segera na kushika njia ya Muheza, mpigie mlezi simu. Ukifika stendi ya Kange, ngoja karibu na mizigo yako, usikubali begi libebwe na mtu usiyemjua. Bajaji ya chuo itakuja, na dereva atakuamkia kwanza. Itikia vizuri, hata kama umechoka.