Mkesha umepita, sina ushuhuda, sasa mimi ni nani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Dar, Mlutheri tangu kipaimara. Mkataba wangu wa kazi uliisha mwezi wa tisa sikupewa mwingine, na mchumba naye akapotea hivyo hivyo. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya watu wakawa wanapanda mbele kushuhudia, huyu kanunua gari, yule kaolewa, mwingine kaezeka nyumba Kibaha, mimi nimekaa nyuma nachezea simu tu. Kwaya nimeacha tangu Novemba maana hela ya sare sikuwa nayo. Nilikuwa mhasibu, mwanakwaya, mchumba wa mtu, leo ukiniuliza mimi ni nani sina jibu. Wananiambia utambulisho wangu uko kwa Kristo ila mama hayo maneno hayaniingii.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hayo maneno hata mimi yananichosha yakisemwa juu juu, mtu kapoteza kazi unamrushia msemo wa kubandika kwenye kioo cha daladala halafu huyo unaondoka. Fungua Mathayo 3:17. Yesu ndo katoka majini pale Yordani, sauti inasema "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye". Haya niambie, mpaka hapo kafanya nini? Hajaponya mtu, hajahubiri, mwanafunzi hana hata mmoja, yaani kapendwa kabla hajawa na cha kuonyesha. Sura inayofuata yuko nyikani, kafunga siku 40, njaa inamuuma, na shetani anaanzia hapo hapo: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Thibitisha bwana, tuone mikate! Si ndo swali lililokukaba usiku ule kwenye benchi la nyuma? Na Yesu hakutoa mkate hata mmoja, akabaki na njaa yake na akabaki Mwana.

Sisemi ushuhuda ni mbaya, aliyeezeka nyumba acha amshukuru Mungu wake, ila mikesha yetu mingine siku hizi imekuwa kama mkutano mkuu wa saccos, kila mtu anasoma mapato. Wakati tarehe 1 Januari yenyewe ni siku ya nane toka Krismasi, siku ambayo kwenye Luka 2:21 mtoto anapewa jina lake, Yesu, na mtoto wa siku nane ana mapato gani jamani. Wamethodisti nao wana ibada ya agano, John Wesley aliianzisha London mwaka 1755 na wengi huifanya mwaka unapoanza, na kwenye sala yake mtu anamwambia Mungu nitumie au niweke kando, nijaze au niache mtupu, mimi ni wako. Hiyo niweke kando ndo sala yako ya sasa hivi, na ukiona ngumu kuisema anza na Zaburi 13, "hata lini", kulia hairuhusiwi kwa nani?

Ila kwaya hapo umenikasirisha kidogo. Mpigie mwalimu wa kwaya leo, si meseji, piga, mwambie sina hela ya sare nitakuja na ya zamani. Sauti ya pili haiimbwi na kitenge. Wakikataa hilo ni deni lao kwa Mungu siyo lako, lakini kwa ninavyojua wanakwaya kuna mama pale ana kipande kimebaki kabatini na amekuwa akijiuliza umepotelea wapi. Na vyeti vyako vya uhasibu endelea kuvituma, hela kidogo uliyonayo iwe ya nauli ya interviu, usimpelekee mtu anayekuuzia unabii wa mwaka.

SWALI: Naitwa Mabula, niko Shinyanga, nimeokoka juzi. Mtumishi mmoja kasema jina la ukoo wetu lina laana ya mababu, nilibadilishe mwaka huu mpya ndo nitafanikiwa. Nifanyeje?

JIBU: Kijana, Mabula ni jina la mtoto aliyezaliwa mvua inanyesha, sasa laana iko wapi hapo, Shinyanga mnavyoitafuta mvua? Soma Matendo 18:24 umwone Apolo, kisha Wafilipi 2:25 umwone Epafrodito. Wa kwanza jina lake limetoka kwa mungu wa Wayunani, wa pili limetoka kwa mungu wao wa kike, na Paulo anamwita Epafrodito ndugu yangu na askari mwenzangu, hakumwambia kabadilishe kwanza. Huyo mtumishi akidai sadaka ya kuvunja laana muulize Epafrodito alilipa shilingi ngapi. Ukitaka jina la ubatizo lichukue, litangulie tu mbele ya Mabula, ila vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA viache vilivyo maana kuvibadilisha vyote ni safari ndefu.